Duka linauza kila siku ila halikui? Anzia hapa

Kama una duka la rejareja, iwe Dar au mkoani, mauzo yapo ila mtaji uko palepale, usikimbilie mkopo kwanza. Anza na daftari, andika kila kinachoingia na kutoka hata ile soda uliyokunywa mwenyewe, halafu jipangie mshahara na usiuvuke, maana kinachoua biashara nyingi mtaani sio kukosa wateja, ni droo ya duka kulipa ada, michango ya harusi na luku ya nyumbani.

Ukishajua faida halisi ndo uangalie mzigo. Unga, sukari, sabuni vinatoka haraka, ongeza. Vinavyokaa miezi shusha bei vitoke, hela isilale kwenye shelfu. Wanaokopa wawekee kikomo na usione aibu kudai.

Mtaji ukihitajika kweli ulizia halmashauri yako, kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba ila mara nyingi mnaenda kama kikundi kilichosajiliwa. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, achana nayo kabisa jamani, marejesho yake yanakula mpaka mtaji.