Kubadili katiba ya chama Ujerumani: anzeni na barua ya mwaliko

Nilikuwa katibu wa chama chetu, kilichosajiliwa, chenye zile herufi e.V. mwishoni mwa jina, tulipoamua kuongeza nafasi mbili kwenye kamati. Ukumbi ulijaa, mikono yote ikanyooshwa, tukapiga makofi. Baadaye ikaja barua kutoka mahakama ya wilaya inayotunza rejista ya vyama: badiliko halisajiliwi. Kura haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mwaliko nilioandika mimi mwenyewe, ajenda namba 6: "Marekebisho ya katiba." Maneno matatu, basi.

Shikeni hapo. Kifungu cha 32 cha sheria ya kiraia ya hapa, BGB, kinataka jambo litakaloamuliwa litajwe kwenye mwaliko, la sivyo uamuzi si halali. Na likiwa ni suala la katiba, kuandika "marekebisho" peke yake hakutoshi. Mwanachama aliye nyumbani kwake lazima aone ni kifungu gani kinaguswa na kinageuzwaje, ndipo aamue kuja au kutokuja. Anayelindwa ni yule ambaye hakufika, na sisi tulikuwa tunawahesabu waliofika tu. Kwa hiyo wekeni namba ya kifungu, maneno ya sasa na maneno mapya. Tumeni kwa njia na kwa muda uliotajwa na katiba yenu. Katiba ikisema barua, ujumbe kwenye kundi la WhatsApp si barua. Na mtu akisimama mkutanoni akasema "basi tuongeze na hiki," kisipigiwe kura siku hiyo, hata kama ni kizuri na wote wanakitaka.

Mzee wetu mmoja alinijia juu: "Katibu, si watu wote walikubali? Karatasi za nini, sisi ni ndugu!" Shikamoo nampa kwa heshima zote, lakini undugu hausomwi rejistani. Wale wawili tuliowachagua kwa nafasi mpya walikwishaanza kutia saini. Benki ikataka dondoo ya rejista, majina hayamo. Kifungu cha 71 cha BGB kiko wazi: badiliko la katiba halina nguvu mpaka liandikwe kwenye rejista. Msimkabidhi mtu cheo kipya usiku ule ule wa mkutano.

Kura zenyewe: robo tatu ya kura zilizopigwa, isipokuwa katiba yenu imeweka kiwango kingine. Wasiopiga upande wowote hawahesabiwi. Wakiwa 40 ukumbini na 10 wakajizuia, mnahitaji 23. Kubadili madhumuni ya chama ni mlima mwingine, maana, katiba yenu isipopanga vingine, panatakiwa ridhaa ya kila mwanachama, na asiyehudhuria aitoe kwa maandishi.

Baada ya hapo ni kazi mnazozijua tangu kwa msajili wa nyumbani: muhtasari wenye saini, katiba nzima inavyosomeka sasa, saini za kamati zithibitishwe kwa mthibitishaji. Chama chenye nafuu ya kodi kiwaonyeshe watu wa kodi rasimu kabla ya mkutano.

Miaka yangu ya mwanzo hapa niliuona utaratibu huu kuwa ni kutoaminiana. Lugha ya barua zao bado inanikera, inamsomesha mtu mzima kama mtoto. Ila nimebadilika juu ya mwaliko. Katika mikutano yetu mingi mwenye sauti nene ndiye hubeba ukumbi, na dada aliye zamu ya usiku hospitalini husikia kesho yake kwamba "tulikubaliana." Kwa sheria hii dada huyo anayo haki yake, na hilo nalipenda kwa dhati.

Tuliitisha mkutano upya. Mwaliko ulikuwa kurasa mbili, kifungu cha zamani kushoto, kipya kulia. Wakaja watu 19 tu, wakapiga kura, na safari hii likasajiliwa.