Namna ya Kuandaa Chai ya Alasiri ya Watoto Itakayowafunza Kukaribisha na Kukaribishwa

Somo hili ni la mzazi au mlezi anayetaka kuwakusanya watoto wa miaka 5 hadi 9 kwa chai ya alasiri, awe Unguja au Pemba, na kuwafunza adabu za ugeni pasi na kuwahutubia. Hotuba ya adabu mtoto huisikiliza kwa sikio moja huku jicho liko kwenye vitumbua. Mpe kazi ya kufanya, mara awe mwenyeji, mara awe mgeni, na kazi hiyo ndiyo itakayomfunza. Wewe utaandaa, utaangalia, na sehemu kubwa ya muda utanyamaza, jambo ambalo kwa wengi wetu ndilo gumu kuliko kupika.

Wakati ninaoupenda ni wiki mbili au tatu kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, kwa sababu siku za sikukuu watoto watazunguka nyumba za jamaa kusalimia na kupokea mkono wa Idi, na hapo ndipo malezi ya nyumbani yanapoonekana na watu.

Hatua ya kwanza: siku, saa na mwaliko

Chagua siku ambayo chuo chao cha Kurani kimefungwa, ambayo kwa vyuo vingi ni Ijumaa. Anzeni saa kumi na robo, baada ya sala ya Alasiri, na mmalize saa kumi na moja na nusu ili kila mtoto awe kwao kabla ya adhana ya Magharibi. Watoto sita wanatosha. Wakizidi wanane hutamsimamia hata mmoja.

Usipeleke mwaliko kwa simu. Mtume mwanao aende mwenyewe kwa majirani: apige hodi, atoe salamu, amwamkie mkubwa wa nyumba, ndipo aseme alichotumwa, asubiri jibu, na alirejeshe kwako kama alivyopewa bila ya kulipunguza wala kulitia chumvi. Somo limekwisha kuanza kabla ya maji kubandikwa jikoni. Lakini suala la chakula kinachomdhuru mtoto, kama ufuta, karanga au mayai, waulize wazazi wewe mwenyewe.

Hatua ya pili: vyombo, vitafunio na chai

Tandika mkeka safi ukumbini au barazani, na katikati weka sinia iliyofunikwa kawa. Vikombe viwe vya kaure na visahani vyake. Najua wengi watachagua vya plastiki kwa kuogopa hasara, lakini mtoto aliyepewa kikombe kisichovunjika hukichukua kama anavyochukua mpira, na utulivu wa mikono unaoutafuta hutauona. Vikombe vya bei nafuu vya dukani vinatosha. Seti ya harusi yako iache kabatini.

Vitafunio visizidi aina tatu: vitumbua viwili kwa kila mtoto, katlesi ndogo moja moja, na vileja. Kaimati nimeziacha makusudi kwa sababu ya shira, ambayo kutoka vidoleni huhamia kwenye kanzu na kutoka kwenye kanzu huhamia kwenye mkeka. Kahawa chungu tuwaachie wazee wa barazani.

Chai yenyewe iwe ya mchaichai. Kwa lita moja na nusu ya maji tia konzi ya majani ya mchaichai yaliyooshwa na kukatwa, punje sita za hiliki zilizopondwa na kijiti kimoja cha mdalasini. Ichemke kwa dakika kumi, uichuje, utie sukari kiasi, kisha uimimine katika buli na uiache ipoe. Kipimo changu ni cha kiganja: ukiwa huwezi kulishika buli ubavuni mpaka uhesabu kumi, chai hiyo bado haijawa ya mtoto kuimimina. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima na huungua upesi.

Hatua ya tatu: hodi na maamkizi

Wafunze wageni kupiga hodi mara tatu, kwa kituo kati ya moja na nyingine, wakiwa wamesimama kando ya mlango wala si uso kwa uso na ndani. Kuchungulia dirishani ni kosa. Wasipoitikiwa baada ya ya tatu, huondoka bila ya kununa. Unaweza kuchelewa kuitikia makusudi hodi ya kwanza ili uone nani ataanza kusukuma mlango. Wakiingia, hutoa salamu, hupanga viatu, na humwamkia aliye mkubwa kuliko wote kwanza. Kama bibi yupo nyumbani, akae hapo ukumbini wambusu mkono. Mtoto mwenyeji huwaonesha pa kukaa, na hakai yeye mpaka wote wamekaa.

Hatua ya nne: kunawa, kumimina na kula

Hapa ndipo penye uzito wa shughuli yote, basi msiharakishe.

Wenyeji wawe wawili. Mmoja hushika birika la maji, wa pili hushika bakuli la kunawia na kuweka kitambaa begani, nao huzunguka kuanzia kuliani. Kisha mwenye zamu ya buli huushika mpini kwa mkono wa kulia na kugusa kifuniko kwa ncha za vidole vya kushoto, kwa kitambaa, kwani kifuniko kikidondoka ndani ya kikombe cha mgeni, kicheko hakitazuilika. Kikombe hakinyanyuliwi kwenye kisahani wakati wa kumiminiwa, mdomo wa buli huelekezwa mbali na jirani, na chai hufika nusu ya kikombe tu. Mwenyeji husema, "Karibu chai," na mgeni hujibu, "Ahsante," kabla ya kukigusa.

Wakianza, wataje Bismillahi kwa pamoja. Wasimulie kwa ufupi habari ya Omar bin Abi Salama, aliyelelewa na Mtume (S.A.W.), ambaye alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, na Mtume akamfunza amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Watoto huipenda habari hii kwa sababu mhusika ni mtoto na kosa lake wanalijua. Chai ikiwa bado ya moto husubiriwa, haipulizwi.

Jambo moja dogo ninalolishikilia sana: weka kitumbua kimoja zaidi ya hesabu. Wote watakiona kimebaki, na hakuna atakayesema. Mwenyeji amkaribishe kila mgeni kukichukua kabla ya kujifikiria yeye, na wageni wajifunze ama kushukuru na kusema wameshiba, ama kuomba kigawanywe. Usiwasaidie hapo.

Chai ikimwagika, kitambaa kiwe karibu, na mwenyeji aseme, "Hapana neno." Atakayekosea umwite pembeni umnong'oneze, au umwachie mpaka wenziwe waondoke, kumkemea mbele yao ni kumtahayarisha, na mtoto aliyetahayari hukumbuka aibu akasahau funzo. Katikati ya chai wabadilishane, wageni wawe wenyeji.

Hatua ya tano: kuaga

Wageni husaidia kukusanya vikombe, hushukuru na kuaga kuanzia kwa mkubwa. Kila mmoja mpe sahani iliyofunikwa ampelekee mama yake pamoja na salamu zako. Sahani hizo zitarudi na ndimu au embe, kwani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na anayeirudisha awe ni yule yule mtoto.

Maswali ya wazazi na walezi

Bibi kutoka Makunduchi: Mwalimu, mimi nimelelewa kumpa mkubwa kwanza. Wewe wasema tuanze kulia. Lipi sahihi?

Shikamoo bibi. Mkubwa akae kuliani kwa mwenye kumimina, na mambo yote mawili yatatimia. Kama tayari amekaa kushoto, ipo habari mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) aliyeletewa kinywaji, kuliani kwake yuko kijana na kushotoni wazee, akamwomba kijana ruhusa ya kuwapa wazee kwanza, kijana hakukubali kuiacha nafasi hiyo, na Mtume akampa yeye. Mwenyeji mdogo anaweza kuomba ruhusa kama hiyo.

Mama kutoka Wete: Mwanangu anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Nimfungie mkono huo?

Usimfungie, dada yangu. Kwa kula, muwekee kikombe na sahani upande wa kulia na umkumbushe kwa upole kila siku. Kuandika na kuchora kwa kushoto mwachie.

Baba kutoka Chake Chake: Wavulana nao wamimine chai? Nahofia watachekwa.

Kaka, katika khitma na maulidi yetu, upande wa wanaume, sinia huzigawa nani? Wamimine, na wao ndio waanze zamu.

Mama kutoka Michenzani: Naweza kutumia chai ya maziwa ya majani ya kawaida?

Unaweza, ila iwe nyepesi. Majani ya chai yana kafeini, ambayo mchaichai hauna, na yana tanini inayopunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata kutoka kwenye chakula. Kwa hivyo hata siku za kawaida usimpe mtoto mdogo chai ya majani pamoja na mlo wake mkuu.

Mama huyo huyo: Na ukumbi wangu ni mdogo sana.

Waalike watatu.

Mlezi kutoka Mkoani: Binti yangu hunyamaza kabisa mbele ya wageni, hata akiitwa haitiki "abee".

Mpe birika la kunawisha. Kazi hiyo ina neno moja tu la kusema, "Karibu," na mikono ikiwa na shughuli ulimi hupata nafasi. Usimsukume kuamkia kwa sauti mbele ya wote. Aanze kwa kumpa bibi mkono. Zamu ya pili mtoe kwenye birika umtie kwenye buli, na asipotaka, arudi kwenye birika.