Unataka kuwa kocha wa viungo wa futiboli ya Kimarekani (siyo soka) ya vyuo vya Marekani? Anzia hapa hapa Moshi

Wadogo zangu wa Moshi na Arusha mnaoniuliza hii kazi inapatikanaje, kwanza shule, bila digrii hupati CSCS, cheti cha ukocha wa nguvu na viungo kinachotolewa na NSCA, chama cha Marekani cha fani hii, na ndo cheti wengi wanakiangalia, kwa hiyo soma sayansi ya michezo, na cheti cha CPR (kumfufua mtu moyo ukisimama) nacho uwe nacho. Kuna kingine cha CSCCa, chama cha makocha wa viungo wa vyuo, hicho kinataka masaa 640 chini ya kocha mzoefu, hapo ndo unaijua kazi yenyewe, unaamka saa kumi alfajiri, unapanga vyuma, unafuta mabenchi, unahesabu skwoti za majitu ya kilo 140, hela kidogo au hamna kabisa. Msiidharau hiyo hatua jamani! Boyd Epley aliyeajiriwa kuwa kocha wa viungo Chuo Kikuu cha Nebraska 1969, kabla ya hapo alikuwa mruka upondo aliyeumia mgongo tu. Baadaye unaomba nafasi ya kocha msaidizi huku unasoma masta, ndo unapanda.

Kwa sasa mfuate kocha wa timu ya mtaani kwako, muombe dakika 20 uwapashe vijana misuli, andika kwenye daftari nani kainua kilo ngapi, nani analalamika goti.