Somo: Uwanja wa sungura wa nyumbani, na vya kumshughulisha

Sungura akijikunyata kizimbani kutwa nzima, wenye nyumba husema ni mpole. Mara nyingi si upole, hana pa kwenda. Kosa la pili ni la saa. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, mchana anasinzia. Ukimtoa saa saba mchana akajilaza, usiseme hapendi mazoezi, umemkatizia usingizi. Kwa hiyo uwanja uungane na kizimba, mlango ubaki wazi, saa achague mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima
Kipimo kinachopendekezwa kwa sungura wawili ni mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1 ili wasimame kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu. Ukibanwa na nafasi, punguza upana, usiguse ile mita 3: kwenye eneo fupi hapati mwendo, anagonga ukuta. Asiyekimbia hunenepa, mifupa hudhoofu na tumbo huwa zito.

Hatua ya 2: Sakafu
Tandika mkeka au zulia, maana vigae vinateleza. Sakafu ya waya sikubaliani nayo kabisa. Sungura hana ile nyama laini aliyonayo paka chini ya wayo. Ana manyoya tu, na yakiisha vidonda huanza.

Hatua ya 3: Usalama
Ndani, ficha nyaya za umeme zote. (Nimezika chaja mbili kabla sijashika adabu.) Nje, zika wavu chini kwa kuwa atachimba, funika juu kwa ajili ya mbwa, paka na ndege, na kivuli kiwepo saa zote. Joto la mwili hulitoa zaidi kwa masikio, nayo hayatoshi kwenye joto jingi, hivyo jua kali linaweza kumuua.

Hatua ya 4: Vya kumshughulisha
Hapa watu hukimbilia kununua, wakati katoni tupu inatosha. Itoboe milango miwili: sungura haamini shimo lisilo na pa kutokea. Jaza beseni udongo achimbe humo badala ya zulia lako. Sindilia nyasi kavu ndani ya bomba la karatasi ya chooni, ahangaike kuzitoa. Nyasi ndizo chakula chake kikuu, na kwa kuwa meno yake hukua maisha yote, kutafuna huyapunguza. Chakula cha punje (pellets za dukani) usimwekee bakulini, kitawanye akitafute. Vitu vitatu kwa wakati vyatosha. Baada ya siku chache badilisha kimoja.

Hatua ya 5: Mwache atoke mwenyewe
Usimbebe kumpeleka uwanjani, na masikio usiyashike kamwe. Kaa chini, nyamaza, usimkodolee macho. Atakuja kukunusa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wangu jana jioni alikimbia ghafla, akaruka na kujipinda hewani mara tatu. Ni kifafa?
Hapana ndugu yangu, hiyo ni furaha. Ukiiona, uwanja wako umekubalika.

Naweza kumfunga kamba shingoni nitembee naye nje?
Usithubutu. Akishtuka hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu inayoweza kumvunja uti wa mgongo, sembuse shingo.

Nimeweka madume wawili uwanjani, wameraruana. Nilidhani wanahitaji wenzao?
Wanahitaji, ila si kwa kukutanishwa hivyo. Watenganishe leo leo, waonane kupitia wavu. Wahasiwe, wapewe wiki kadhaa homoni zitulie, kisha wakutane mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaita kwake. Dume na jike waliohasiwa ndio hupatana kwa urahisi zaidi.

Akitoka anakojoa kila kona.
Angalia kona anayoipenda, weka trei yenye nyasi hapo hapo. Usishindane naye kuhusu kona. Kama hajahasiwa, anaweka alama za mipaka yake.

Asante kwa somo, mwalimu. Wangu nimemfungulia mlango siku ya pili leo, hatoki.
Dada, anakula? Kama anakula na kinyesi chake ni duara na kikavu, mvumilie, hata wiki. Lakini kama tangu asubuhi hajagusa chakula wala hajatoa kinyesi, acha habari za uwanja, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Tumbo la sungura likisimama halingoji kesho.