Picha za wateja usiziache kwenye folda ya programu
Kabla hujahamisha programu yako ya wavuti kutoka seva ya kukodi kwenda kwenye wingu, angalia faili zinazopakiwa na watumiaji zinakaa wapi. Kwenye seva ya zamani diski ni yako; picha ukiitupia kwenye folda, hata mwakani utaikuta. Kwenye wingu mara nyingi sivyo. Heroku, kwa mfano, ambayo ni huduma ya wingu ya kuendeshea programu, huwasha upya kontena (boksi la muda ambamo programu yako inaendeshwa) angalau mara moja kwa siku, na chochote ambacho programu iliandika kwenye diski ya kontena hilo hufutika. Kwa hiyo usikeshe ukisaka hitilafu kwenye msimbo: picha za jana zimeondoka na kontena la jana.

Peleka faili kwenye hifadhi ya nje kama Amazon S3, na kwenye hifadhidata weka jina la faili tu. Seshoni za kuingia (kumbukumbu za nani tayari ameingia) nazo zihamishie Redis, ghala la data la kasi ambalo kontena zote zinaweza kulisoma, la sivyo siku ukiongeza kontena la pili watu wataanza kuombwa nywila ovyo (na simu zitaanza kuita).

Kujipima ni rahisi: vuta nakala mpya ya programu kutoka Git (unakotunza msimbo wako) kwenye folda nyingine, iwashe, uone kama picha zote bado zinafunguka.