Mteja Anapoingia na Mbwa
Kabla ya kumzuia mteja aliyeingia na mbwa, inafaa kukumbuka kwamba katika nchi nyingi mbwa aliyefunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu huruhusiwa kuingia hata pale ambapo wanyama wengine wamekatazwa. Nchini Marekani, kanuni zinazotokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 humruhusu mfanyakazi, ikiwa jambo lenyewe si dhahiri, kuuliza maswali mawili tu: iwapo mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Kudai cheti hakuruhusiwi, wala kuuliza maradhi ya mtu. Hata hivyo, mbwa yeyote asiyedhibitiwa anaweza kutakiwa kutolewa nje, mradi mwenyewe aendelee kuhudumiwa.

Kwa mbwa wa kawaida, zungumza na mteja mapema, akiwa bado karibu na mlango, kwa sauti ya chini, ukitaja utaratibu wa mahali pa kazi badala ya maoni yako, kisha jitolee kumletea anachohitaji nje. Atakuambia kwamba mbwa wake hang'ati (wote husema hivyo). Usibishane naye; akikataa, mwite msimamizi.