Bibi wa mwenzi wako alizaliwa Ayalandi? Tafuta kitongoji chake kwanza

Ukiishi Boston, Chicago, Liverpool au Manchester, haichukui muda kabla hujapata jirani, shemeji au mkwe mwenye jina linaloanza na O' au Mac. Wengi wetu tumeoa na kuolewa huko. Mtoto akishapatikana, watu wa upande wa pili huanza: "Sisi asili yetu Ayalandi." Ukiuliza Ayalandi sehemu gani, kimya. Mtoto wako atajua kwao Moshi au Murang'a hadi jina la mto, lakini upande wa pili anaachiwa kofia ya kijani ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Hilo linarekebishika, na mara nyingine ndani yake imo pasipoti ya Umoja wa Ulaya.

Hili la pasipoti nalitanguliza kwa sababu halisubiri. Mtu ambaye baba au mama yake ni raia aliyezaliwa katika kisiwa cha Ayalandi ni raia tayari, hata kama yeye kazaliwa Texas. Ambaye ni babu au bibi yake ndiye aliyezaliwa kule, naye ana haki, ila lazima kwanza ajiandikishe katika Daftari la Waliozaliwa Ng'ambo, linalotunzwa na wizara ya mambo ya nje mjini Dublin. Ada ni euro 278 kwa mtu mzima na 153 kwa mtoto. Uraia huo huanza siku jina linapoingia daftarini, haurudi nyuma. Hapo ndipo watu wanapoumia. Kama bibi wa mumeo alizaliwa Mayo, kaunti mojawapo ya Ayalandi, mtoto wenu atarithi haki hiyo iwapo tu mumeo aliandikishwa kabla mtoto hajazaliwa. Akiandikishwa wiki moja baada ya wewe kujifungua, mtoto huyo ameikosa kwa njia hiyo, na mdogo wake atakayefuata ataipata. Maombi huchukua miezi, kwa hiyo msingoje kipimo cha mimba kioneshe mistari miwili. Anzeni mkiwa bado mnapanga.

Wewe mwenyewe ndoa haikupi kitu hapo. Mwenzi wa raia anayeomba uraia anatakiwa awe ameishi kisiwani humo. Na kama ni Mtanzania, kumbuka kwamba sheria yetu haikubali uraia pacha kwa mtu mzima: mtoto akifikisha miaka 18 atatakiwa kuchagua. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hawana kikwazo hicho.

Sasa tuingie kwenye utafutaji. Kabla hujafungua tovuti yoyote, jaribu kujua mzee huyo aliondoka lini na kwa nini. Si udadisi tu. Sababu iliyomtoa ndiyo inayokuonesha karatasi yake iko wapi.

Kama wakwe zako ni Waprotestanti wa milima ya Appalachia au Pennsylvania, huenda babu zao walitoka Ulster, kaskazini, katika karne ya 18, mikataba ya mashamba ilipokwisha na kodi kupandishwa. Hao ni wagumu kuwafuata. Daftari za makanisa ya Presbiteri za wakati huo ni chache. Kama ni Waaustralia, uliza bila aibu kama kuna mfungwa katika ukoo. Kati ya 1791 na 1853 meli zilipeleka wafungwa kutoka Ayalandi moja kwa moja, na Australia ya leo mfungwa katika ukoo ni wa kujivunia. Serikali iliandika habari zao kwa makini kuliko ilivyowahi kuandika habari za maskini aliyekuwa huru.

Halafu kuna Njaa Kuu. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu, ule ule bakajani chelewa ambao wakulima wa viazi wa Njombe na Nyandarua wanaujua vizuri mno, uliozesha viazi shambani na ghalani. Familia maskini zilikuwa zikiishi kwa viazi karibu peke yake; nafaka na nguruwe vilikuwa vya kumlipa mwenye ardhi. Chakula kiliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza huku watu wakifa. Mwaka 1847 ikaongezwa sheria kwamba mwenye kukodi zaidi ya robo eka hapati msaada mpaka aiachie ardhi hiyo, na wenye mashamba wengi wakaitumia kuwaondoa watu na kubomoa nyumba zao. Sensa ya 1841 ilikuta watu zaidi ya milioni 8. Ya 1851 ikakuta kama milioni 6 na nusu. Takriban milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja waliondoka.

Waliotoka wakati huo hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu usajili wa vizazi vyote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Wao utawatafuta katika daftari za ubatizo, na katika orodha ya kodi ya majengo na ardhi inayojulikana kama Griffith's Valuation, iliyokusanywa kati ya 1847 na 1864. Inaorodhesha mkuu wa kaya, si mke wala watoto. Familia iliyofukuzwa kabla mthamini hajafika kijijini haimo.

Lakini wengi hudhani kila Mwayalandi alikimbia njaa, na hiyo inawapotezea muda. Mamilioni waliondoka baadaye, kwa miongo mingi, kwa sababu za kawaida kabisa. Shamba halikugawanywa tena kama zamani; lilirithiwa na mtoto mmoja. Binti mmoja alitolewa mahari (kule mahari ilitoka upande wa binti) akaolewa. Waliobaki, watano au sita, walingoja tiketi. Dada mkubwa alitangulia Boston au New York kufanya kazi za ndani, akaweka senti, akatuma tiketi iliyokwisha kulipiwa ya mdogo wake, naye akafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukikwama na mtu mmoja, mfuate aliyempokea. Orodha za abiria wa meli walioingia Marekani kuanzia 1907 ziliuliza mambo mawili yenye thamani: unakwenda kwa nani, na ndugu yako wa karibu uliyemwacha nyumbani ni nani na anaishi wapi. Mara nyingi kijiji kimeandikwa pale pale.

Kundi la mwisho ni la miaka ya 1950, waliokwenda Uingereza kujenga barabara na kuuguza wagonjwa katika hospitali za NHS, yaani za serikali, zile zile ambazo sasa zimejaa wauguzi wetu. Ukiwa na mkwe huko Uingereza mwenye umri wa kati, yaelekea mzazi au babu yake ni wa kundi hili, na hao ndio ambao habari ya pasipoti inawahusu hasa.

Kazi yenyewe ianzie mahali alipofikia mtu, usiruke moja kwa moja kwenda Ayalandi. Kisiwa kile kimegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, na "Patrick Murphy wa Cork" ni watu wengi mno. Unahitaji jina la kitongoji, au angalau parokia. Limeandikwa wapi? Kwenye jiwe la kaburi, tangazo la kifo gazetini, cheti cha ndoa cha kanisa Katoliki la huko huko Marekani, maombi ya uraia ya baada ya 1906. Kwa New York kuna daftari za benki ya Emigrant Savings, iliyoanzishwa 1850, ambazo zilirekodi asili ya mteja ili kumtambua. Gazeti la Pilot la Boston lilichapisha kwa miaka 90, toka 1831, matangazo ya watu wanaotafuta ndugu waliopoteana, yakitaja hadi parokia. Na kabla ya yote hayo, kaa na mama mkwe. Usimwulize "mnatoka wapi", atakwambia Ayalandi. Mwambie, "Mama, nioneshe kadi za misa za marehemu, na lile sanduku la barua." Uliza bibi yake aliitwaje na ndugu zake, siyo kwenye karatasi.

Kuhusu majina, uwe na moyo mpana. Herufi O' huja na kuondoka katika familia moja: Sullivan leo, O'Sullivan kesho. Bibi aliyeitwa Delia maisha yake yote huko Chicago, cheti chake kitasema Bridget. Nora ni Honora, Peg ni Margaret. Kwenye maombi ya uraia tofauti kama hizo hudaiwa maelezo, kwa hiyo kusanya vithibitisho mapema. Msomaji Mkikuyu atafurahi kusikia kwamba Waayalandi wengi walikuwa na desturi inayofanana na ya kwao: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Upande wa wasichana ndipo pa kuangalia, maana kule wa kwanza mara nyingi ni wa bibi mzaa mama. Haikufuatwa na wote, lakini ukiwa na majina ya watoto kwa mpangilio unaweza kubahatisha majina ya babu zao na kwenda kuyahakiki.

Ukishapata kitongoji, mengi ni ya bure. Tovuti ya serikali irishgenealogy.ie inaonesha picha za daftari zenyewe: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75, vifo vya zaidi ya 50. Usishangae ukikuta tarehe ya ubatizo iko kabla ya tarehe ya kuzaliwa. Kuchelewa kusajili kulikuwa na faini, basi mzazi aliyechelewa alisogeza siku ya kuzaliwa mbele. Amini padri.

Sensa za 1901 na 1911 nazo ni za bure, kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Fomu ya 1911 ndiyo ninayoipenda kuliko karatasi zote. Inataja dini, kama mtu anajua kusoma, kama anaongea Kiayalandi. Kwenye fomu ya nyumba kuna idadi ya vyumba na madirisha ya mbele. Na kwa kila mke: ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai. Mistari hiyo miwili ya mwisho hukuonesha watoto ambao familia iliyovuka bahari haikuwahi kuwataja. Umri usiuamini. Pensheni ya wazee ilianza Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na kati ya sensa moja na nyingine wapo waliozeeka miaka 15.

Sensa za karne ya 19 karibu zote hazipo. Nyingine serikali yenyewe iliziharibu, na zilizobaki ziliteketea Juni 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka la Four Courts lilipolipuka na kuungua. Wosia na nusu ya daftari za kanisa la Anglikana vikaenda pamoja nazo. Daftari za Wakatoliki zilinusurika kwa kuwa zilikuwa bado parokiani. Maktaba ya Taifa imeziweka mtandaoni hadi karibu mwaka 1880, bure, nyingi kwa Kilatini na mwandiko wa kutia kizunguzungu. Angalia wasimamizi wa ubatizo, kwa kawaida ni shangazi na wajomba.

Pesa zako ziweke kwa vyeti: cheti kamili ni euro 20, na ndicho kinachotakiwa kwa uraia, si picha ya mtandaoni. Zile "nembo za ukoo" zinazouzwa na jina lako zimefungwa kwenye fremu, achana nazo. Nembo hupewa mtu, haipewi jina. Na kama bibi alizaliwa Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Londonderry au Tyrone, cheti chake utakiagiza kwa msajili wa Belfast, na nyaraka za zamani uzitafute PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ayalandi ya Kaskazini, mji huo huo. Haki ya uraia kwa wajukuu wao ni ile ile.